Haki ya Kumchagulia Kijana Kitabu

Mtu achaguapo chakula chake mwenyewe hana wa kumlaumu kikimdhuru ila nafsi yake. Lakini mtu amchaguliapo mwingine chakula ameingia katika madaraka ya namna nyingine, maana tumbo litakalokipokea si lake. Ndivyo ilivyo kwa vitabu. Mtu mzima akisoma kitabu kisichomfaa amepoteza saa zake. Mwalimu akiwasomesha wanafunzi thelathini kitabu kisichowafaa amepoteza saa za watu thelathini, na yamkini baadhi yao amewafanya wachukie kusoma mpaka mwisho wa umri wao. Madaraka haya ni makubwa, walakini ni nadra mwenye kuyashika kuulizwa wazi ameyatumiaje.

Nchini Marekani walimu wa Kiingereza wameulizwa. Kwa miaka mingi wachunguzi wa elimu wamewapelekea karatasi za maswali, wakitaka kujua ni vitabu gani vinasomeshwa darasani, na tena kama vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya vijana vimepata nafasi kati ya vile vya zamani vilivyozoeleka. Kwa sura yake swali hili ni la hesabu: wangapi huvitumia, wangapi hawavitumii. Kwa undani wake ni swali la maadili. Linataka kujua nani ana haki ya kumchagulia kijana kitabu, haki hiyo ina mipaka gani, na mwenye kuichukua anadaiwa nini. Hesabu yaweza kuonyesha yale ambayo walimu hufanya. Haiwezi kuonyesha yale yawapasayo kufanya. Mambo haya mawili yanafaa kutenganishwa, na kila moja kupimwa kwa mizani yake.

Kwanza yafaa ijulikane vitabu vya vijana ni vitabu gani. Si hadithi za watoto wadogo, wala si kila kitabu chenye kijana ndani yake. Juliet, katika mchezo wa Shakespeare, hajatimiza miaka 14, lakini mchezo ule haukutungwa kwa ajili ya wasichana wa umri wake. Lord of the Flies, kitabu cha William Golding cha mwaka 1954, chasimulia habari za wavulana watupu waliopotea kisiwani, lakini mwandishi wake alisema na watu wazima. Vitabu vya vijana ni vile vilivyokusudiwa tangu mwanzo visomwe na watu waliotoka utotoni na hawajafika utu uzimani, na aghalabu msimulizi wake ni mmoja wao, aonaye kwa macho yao na kusema kwa ulimi wao.

Historia ya vitabu hivyo Marekani si ndefu. Wako waianzishao mwaka 1942, Maureen Daly alipotoa Seventeenth Summer. Walio wengi zaidi huutaja mwaka 1967, ilipochapwa The Outsiders ya S. E. Hinton wa mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma. Mwandishi huyo alianza kukiandika kitabu chake akiwa mwanafunzi wa sekondari, na kilipotoka alikuwa na umri wa miaka 18. Aliona kuwa vitabu walivyopewa vijana wa wakati wake havikuwa na habari za vijana aliowajua yeye, waliogawanyika makundi kwa umaskini na utajiri na kupigana mitaani. Jalada lilibeba herufi za kwanza tu za majina yake, kwa hofu kwamba wahakiki wangekidharau kitabu cha wavulana wakijua mwandishi ni mwanamke. Mwaka 1974 Robert Cormier alitoa The Chocolate War, habari za mvulana akataaye kuiuzia shule yake chokoleti, akateswa, na mwisho wa kitabu uovu haukuadhibiwa. Kufikia mwaka 2000 fani hii ilikuwa imepata tuzo yake yenyewe, iitwayo Printz, na kitabu cha kwanza kuipata kilikuwa Monster cha Walter Dean Myers.

Je, madarasa yaliufuata mwendo huu? Mwaka 1963 Scarvia Anderson alichunguza vitabu vilivyosomeshwa katika shule za sekondari za Marekani. Macbeth ilisomeshwa katika asilimia 90 ya shule za umma, Julius Caesar katika asilimia 77, na Silas Marner ya George Eliot katika asilimia 76. Miaka 25 baadaye, mwaka 1988, Arthur Applebee aliuliza tena, na matokeo yake yakachapwa mwaka 1989. Silas Marner ilikuwa imetoka katika vitabu kumi vya mbele. Romeo and Juliet ilikuwa ya kwanza kwa asilimia 84, na Macbeth ya pili kwa asilimia 81. Shakespeare peke yake alishika nafasi nne katika kumi. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Harper Lee, na mwandishi mweusi hakuwapo hata mmoja. Katika vitabu hivyo kumi hakuna kilichokuwa cha aina iliyoandikwa kwa kusudi la vijana, ijapokuwa The Outsiders ilikuwa imekwisha kaa madukani miaka 21.

Msomaji asiharakishe kuhukumu. Katika miaka hiyo 25 Marekani ilipitisha sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, ikapigana vita vya Vietnam, ikabadili mavazi, muziki na mazungumzo ya nyumbani. Lakini orodha ya vitabu vya darasani ilisogea hatua ndogo. Hili laweza kuwa dalili ya uvivu, na laweza kuwa dalili ya uaminifu. Mti usiotikisika katika upepo huenda una mizizi mirefu, na huenda pia umekwisha kuwa jiwe. Takwimu hazisemi ni lipi. Ili kujua, ni lazima zisikilizwe sababu ambazo walimu wenyewe huzitoa wanapoulizwa kwa nini hawavitumii vitabu vya vijana, au huvitumia kwa uchache, katika madarasa ya chini na kwa wanafunzi waliohesabiwa kuwa dhaifu wa kusoma.

Sababu ya kwanza ni wepesi. Husemwa kuwa vitabu hivyo ni vyepesi, kwamba kijana huvimaliza kwa usiku mmoja, na kwamba mwalimu hana la kufundisha ndani yake. Hoja hii ina ukweli nusu. Vitabu vingi vya vijana hutengenezwa haraka kwa ajili ya soko na husahauliwa haraka. Lakini ndivyo vilivyokuwa vitabu vingi vya kila zama. Wakati ni ungo; umepepeta vya kale na kuacha punje, na bado haujapepeta vya leo. Atazamaye punje za jana na pumba za leo, kisha akasema jana ilikuwa bora, hajalinganisha kwa haki. Tena wepesi wa maneno si wepesi wa mambo. Katika Monster kijana wa miaka 16 ameshtakiwa kwamba alishiriki katika kumwua mwenye duka la dawa. Anaisimulia kesi yake kana kwamba ni filamu, na kati ya kurasa hizo anaandika shajara yake gerezani. Msomaji humwona kwa njia mbili na haachiwi mahali pa kupumzika: je, mtu ajisimuliaye aweza kuaminiwa? Mwalimu asiyeona la kufundisha hapo, upungufu si wa kitabu.

Iko pia habari impasayo kila mhukumu wa vitabu kuikumbuka. Mwaka 1885 kamati ya maktaba ya mji wa Concord, jimbo la Massachusetts, ilikiondoa kitabu cha Mark Twain, Adventures of Huckleberry Finn, kwa kukiona kuwa cha kihuni na kisichofaa. Karne moja baadaye, katika uchunguzi wa mwaka 1988, kitabu hicho hicho kilikuwa kati ya kumi vinavyosomeshwa zaidi. Waliokikataza waliitwa walinzi wa vijana, na waliokisomesha waliitwa walinzi wa urithi. Hii haithibitishi kuwa kila kinachokataliwa leo kitatukuzwa kesho. Inathibitisha kuwa sifa ya kitabu katika kinywa cha watu si kipimo kitoshacho.

Sababu ya pili ni urithi, nayo ina nguvu kuliko zote. Mwalimu husema: kijana atakipata kitabu cha rika lake bila msaada, lakini kama hakukutana na Macbeth shuleni huenda hatakutana naye milele. Shule ina saa chache. Na zitumike kwa yale ambayo mtoto hawezi kuyafikia peke yake. Neno hili ni la busara, na anayelipinga kwa dharau hakulifikiri. Kumnyima mtoto wa fukara kazi kubwa za lugha yake, kwa kudhani kuwa hatoziweza, ni dhuluma iliyovaa nguo ya huruma.

Walakini hoja hii imejengwa juu ya dhana mbili zinazohitaji kuchunguzwa. Dhana ya kwanza ni kwamba kijana atakipata kitabu cha rika lake nje ya shule. Hilo ni kweli kwa mtoto mwenye rafu ya vitabu nyumbani na duka la vitabu mtaani. Kwa mtoto ambaye kitabu anachopewa shuleni ndicho pekee kiingiacho nyumbani kwao, si kweli. Dhana ya pili ni kwamba kukaa na kitabu darasani ni sawa na kukutana nacho. Mwaka 1938 Louise Rosenblatt, mwalimu na mwanachuoni wa Marekani, aliandika Literature as Exploration, akafundisha kuwa maana ya kazi ya fasihi haikai katika karatasi peke yake wala katika kichwa cha msomaji peke yake, bali huzaliwa viwili hivyo vinapokutana. Fundisho hilo likikubaliwa, mwanafunzi aliyekariri muhtasari wa Macbeth ili apite mtihani hajarithi kitu. Ameshika hati ya shamba, na mguu wake haujakanyaga shambani. Urithi usiopokelewa haujatolewa.

Sababu ya tatu ni wazazi, au, kwa jina lake la kweli, hofu. Vitabu vya vijana husema juu ya ulevi, mapigano, mapenzi, ubaguzi, kujiua na ugomvi wa nyumbani, kwa kuwa mambo hayo yamo katika maisha ya vijana. Mzazi akilalamika, mwalimu huitwa kujibu, na mara nyingi hujibu peke yake. Hofu hiyo haistahili kuchekwa. Mtu aweza kupoteza kazi. Lakini yafaa itajwe kwa jina lake. Tena haikosi kustaajabisha kuwa Romeo and Juliet ina mauaji, ndoa ya siri na vijana wawili wajiuao, na bado hupita bila pingamizi mahali ambapo kitabu kipya chenye nusu ya hayo huzuiwa. Ukale wa maneno umekuwa pazia. Kama mambo hayo yanadhuru, yanadhuru kwa Kiingereza cha kale na cha leo. Na kama hayadhuru yanaposomwa kwa uongozi mwema, basi uongozi mwema ndio wa kutafutwa, si pazia.

Sababu ya nne ni uhaba. Shule ina nakala mia za kitabu cha kale katika stoo yake, na fedha za kununua nakala mia za kipya hazipo. Mtihani unauliza vya kale. Mwalimu mwenyewe chuoni alifundishwa vya kale. Sababu hii ndiyo ya chini kwa heshima na ya juu kwa unyofu. Ubaya wake huanza inapojificha. Mwalimu asemaye, "Nasomesha hiki kwa sababu ndicho kilichopo," amesema kweli na aweza kusaidiwa. Mwalimu asemaye, "Nasomesha hiki kwa sababu hakuna kingine kinachostahili," ilhali sababu yake ni stoo, amejidanganya kwanza nafsi yake, kisha ameyafunga masikio yasisikie jibu.

Hizo ni hoja za wanaosita. Wanaovitumia vitabu vya vijana wana hoja zao, na haki yataka nazo zipimwe. Mashuhuri kati ya hizo ni mfano alioutoa Rudine Sims Bishop mwaka 1990, kwamba vitabu ni vioo ambamo mtoto hujiona, na ni madirisha ambayo kwayo huona wengine, na ni milango ya kupitia. Mtoto ambaye hajapata kujiona katika kitabu chochote hujifunza, bila ya kuambiwa na mtu, kuwa watu wa namna yake hawana habari inayostahili kuandikwa. Hilo ni somo baya, nalo hufundishwa kwa kimya. Kwa mizani hii orodha ya mwaka 1988, yenye mwanamke mmoja na bila mwandishi mweusi, ilikuwa nyumba yenye madirisha kwa wengi na vioo kwa wachache.

Mfano huo ni mwema, lakini waweza kutumiwa vibaya kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumfungia mtoto katika kioo: kudhani kuwa mtoto mweusi ataka habari za weusi tu, na mtoto wa fukara habari za ufukara tu. Kijana ana haki ya kujiona, na ana haki vile vile ya kujisahau. Njia ya pili ni kukifanya kitabu cha vijana chambo cha kuwavutia kwenye kitabu "cha kweli". Mwalimu wa namna hii hutoa The Outsiders wiki mbili ili wanafunzi wachangamke, kisha huiweka kando na kuanza alichokiita kazi. Vijana ni wepesi wa kutambua dharau. Wakiona mwalimu hakiheshimu kitabu wanachokipenda, watajua hakuyaheshimu mapenzi yao, na chambo kitaliwa na ndoano kutemwa.

Liko na jambo la tatu, zito kuliko hayo mawili, nalo ni nguvu ya kulazimisha. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya wanafunzi wa wilaya ya Island Trees, jimbo la New York, walioishtaki bodi yao ya elimu kwa kuondoa vitabu kadhaa katika maktaba za shule. Majaji hawakuwa na sauti moja, lakini maoni yaliyoongoza uamuzi yalikuwa kwamba bodi haiwezi kuondoa vitabu katika maktaba kwa sababu tu haipendi mawazo yaliyomo. Maoni hayo yalipambanua maktaba na darasa. Upambanuzi huo una maana kubwa kwa maadili kuliko hata kwa sheria. Katika maktaba kijana huchukua kitabu kwa hiari na hukirudisha kwa hiari. Darasani hukipokea kwa amri, hukisoma mbele ya wenzake, na huulizwa maswali juu yake kwa sauti.

Kitabu cha Laurie Halse Anderson, Speak, cha mwaka 1999, ni cha msichana aliyebakwa akapoteza nguvu ya kusema. Kimewafaa wengi, maana kimewapa maneno ya jambo walilokuwa wakilibeba kimya. Lakini mwalimu akisomeshaye kwa darasa zima hajui ni nani kati ya wanafunzi wake analo jeraha hilo hilo. Kioo kilekile kimponyacho aliyejitazama kwa wakati wake chaweza kumchoma aliyeshikiwa kwa nguvu mbele ya uso wake. Hii si sababu ya kukiondoa kitabu. Ni sababu ya mwalimu kuwajua wanafunzi wake, kuwaambia mapema kilichomo, na kumwachia asiyeweza nafasi ya kuchukua kingine pasipo kuulizwa kwa nini. Haki ya kuchagua isiyoacha mlango wa kutokea si haki tena, ni mabavu.

Sasa turudishwe kwenye karatasi ya maswali yale matokeo yake. Ina kasoro tatu ambazo si za mchunguzi huyu au yule, bali ni za kazi yenyewe. Kwanza, huulizwa watu wazima juu ya jambo liwahusulo vijana. Katika uchunguzi wa mwaka 1988 waliotakiwa kujibu walikuwa wakuu wa idara za Kiingereza, yaani watu waliosimama mbali zaidi na dawati la mwanafunzi kuliko hata mwalimu wa kawaida. Pili, mtu ajibuye juu ya kazi yake huelekea kujibu kama atakavyo kuonekana. Akidhani kuwa mchunguzi avipenda vitabu vipya, atavisifu. Akidhani avipenda vya kale, atavitetea. Ndiyo maana sifa na matendo huweza kuachana njiani: mwalimu avikubali vitabu vya vijana kwa kalamu, na mwaka uishe bila kukifungua kimoja darasani.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa. Swali lililozoeleka ni, "Je, wavitumia?" Swali lililopaswa kutangulia ni, "Je, umevisoma?" Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, yawezekana kuongeza kuwa hujui pia usingizi wake. Mwalimu aliyevikataa vitabu vya vijana baada ya kuvisoma ishirini au thelathini, akaona havifai kwa darasa lake, ametoa ushahidi, na ushahidi wake hauna budi kuheshimiwa. Mwalimu aliyevikataa bila kuvisoma ametoa uvumi. Kadhalika aliyevikubali bila kuvisoma, kwa kuwa vinapendwa au kwa kuwa havimchoshi, naye ametoa uvumi, na kosa lake halipungui kwa kuwa ameangukia upande wa upole. Katika karatasi ya maswali majibu haya manne huhesabiwa kuwa mawili tu, ndiyo na siyo. Hesabu imekuwa sahihi na haki imepotea.

Swali hili halikuishia Marekani. Julius Caesar, uliokuwa katika orodha ya mwaka 1963 na ya 1988, ni mchezo ujulikanao pia Afrika Mashariki, na Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, akaurekebisha mwaka 1969. Lakini mwalimu wa Kiingereza wa Tanzania au Kenya ana uzito mmoja zaidi: Kiingereza si lugha ya nyumbani ya wanafunzi wake walio wengi. Mtoto anapambana na lugha na habari kwa wakati mmoja, na kitabu kilicho mbali kwa vyote viwili humchosha mara mbili. Hapo kitabu chenye kijana wa kufahamika si anasa. Weep Not, Child ya Ngugi wa Thiong'o, ya mwaka 1964, ni habari za Njoroge, mtoto atamaniye shule katika siku za vita vya Mau Mau. Unanswered Cries ya Osman Conteh wa Sierra Leone, kitabu kilichowekwa katika orodha ya sekondari Tanzania, ni habari za msichana anayepigania asikeketwe. Mwanafunzi wa vitabu hivyo hushindana na lugha ngeni, lakini hashindani na jambo geni. Tofauti na Marekani ni kwamba huku orodha huandikwa juu, kwa ajili ya mtihani wa taifa, na mwalimu hupokea. Basi wa kuulizwa si mwalimu peke yake, bali na wale waliokaa mezani wakaiandika, nao wanadaiwa swali lile lile: mmevisoma, na mlipovisoma mlimfikiri nani?

Kutokana na yote hayo yaweza kusemwa kuwa haki ya mwalimu kumchagulia kijana kitabu ni haki ya kweli, lakini si mali yake. Ni amana, na amana hii ina wenyewe wawili. Mmoja ni wale waliotangulia, walioandika ili wasomwe na ambao hawawezi kujitetea. Wa pili ni kijana, ambaye hajajua bado atahitaji nini, na ambaye aghalabu hapewi nafasi ya kusema. Mwalimu ashikaye upande mmoja na kuusahau wa pili amevunja amana, awe amesimama na Shakespeare au na Hinton. Wala hakuna ugomvi wa lazima kati ya wenye amana hao. Darasa lililosoma Romeo and Juliet na The Outsiders katika mwaka mmoja limeona makundi mawili ya vijana yakiuana kwa chuki waliyoirithi, moja Verona na moja Tulsa, na limejifunza kuwa kilichobadilika ni mavazi.

Deni la mwenye amana si kubwa mno kulipwa. Asome kabla hajakubali wala kukataa. Aseme wazi sababu ya uchaguzi wake, na kama sababu ni stoo, aseme stoo. Awape wanafunzi sehemu ya uchaguzi, hata ikiwa ni kitabu kimoja kwa mwaka, kwa kuwa mtu asiyepata kuchagua kitabu shuleni hatajua kuchagua atakapotoka, na shule itakuwa imempa kusoma bila kumpa msomaji. Na wachunguzi, watakapopeleka tena karatasi zao, waweke nakala moja kwa ajili ya kijana. Yeye ndiye aliyekisoma kitabu, au aliyejifanya kukisoma, na ndiye pekee ajuaye lipi kati ya hayo mawili lililotokea.